Gemu la mnada wa michoro, Modern Art: shemeji ananipiga au ndo sheria ilivyo?

Mgeni_wa_Tabata:

Wakuu habari za jioni. Naomba anayelijua hili gemu anisaidie maana hapa nyumbani hali si shwari tangu Jumapili.

Iko hivi, shemeji yangu, kaka yake wife, alikaa Ujerumani miaka kadhaa, karudi mwaka jana na boksi la gemu linaitwa Modern Art. Boksi la zamani, kona zimeshachakaa, na maelezo yote ni Kijerumani. Mwenye kukijua Kijerumani nyumba nzima ni yeye peke yake, kwa hiyo sheria ni zile anazosema yeye. Mnaona tatizo linapoanzia.

Tunacheza wanne, mimi, wife, shemeji na jirani mmoja hivi. Kila mtu anaanza na hela za karatasi elfu 100, anaficha. Mkononi una kadi za michoro, wachoraji wako watano, majina yao Lite Metal, Yoko, Christin P., Karl Gitter na Krypto. Zamu yako ikifika unatoa kadi moja unakuwa dalali wa hiyo kadi, watu wanapanda dau, anayeshinda anakulipa wewe, ukiinunua mwenyewe unalipa benki. Mchoraji yeyote kadi yake ya tano ikitoka raundi imeisha hapo hapo, hiyo ya tano hata hainadiwi. Halafu benki inanunua michoro yote mliyonayo, aliyetoka kadi nyingi kila mchoro wake elfu 30, wa pili elfu 20, wa tatu elfu 10, wawili waliobaki hawana kitu unatupa. Na bei zinarundikana, mchoraji aliyepata 30 raundi ya kwanza akipata 20 raundi ya pili basi mchoro wake ni elfu 50. Raundi nne, mwenye hela nyingi mwisho ndo bingwa.

Sasa Jumapili. Krypto raundi tatu za kwanza kachukua 30, 20, 30, yaani kafika 80 kabla ya raundi ya mwisho. Mimi nikasema leo ndo leo. Raundi ya nne zikatoka Krypto tatu, zote nikachukua mimi, elfu 50, elfu 55 na elfu 60, nimevunja kibubu kabisa. Mbili kati ya hizo, ile ya 50 na ile ya 60, aliyeniuzia ni SHEMEJI MWENYEWE, na alikuwa ananichochea, "shem usiiache hii, hii itafika 110".

Kumaliza kuniuzia tu, zamu yake inayofuata akatoa Lite Metal ya tatu, mchoro hata mtu hautaki, wife kauchukua kwa elfu 3. Ikazunguka ikamrudia, akatupa Yoko ya tano. Raundi imekwisha, gemu limekwisha. Hesabu mezani: Yoko 5, Christin P. 4, Lite Metal 3, Krypto 3, Karl Gitter 2. Mimi najua Krypto ana 80 zake kwa hiyo nafasi ya tatu ni yake. Shemeji anasema hapana, wakifungana Lite Metal anapita. Kwa hiyo Krypto ziro, zote tatu ziro, ile 80 ya nyuma haihesabiki. Elfu 165 zangu zimeyeyuka na wife kwa mchoro wake wa elfu 3 kapewa elfu 20 (10 ya leo na 10 ya nyuma ya Lite Metal) anacheka.

Maswali yangu: hiyo sheria ya kufungana ipo kweli au katunga? Na inaruhusiwa kumuua mchoraji uliyemuuzia mwenzio dakika mbili zilizopita? Alafu la mwisho, mbona mimi kila siku ndo nanunua michoro mingi kuliko wote na kila siku ndo wa mwisho?

Bi_Kiroboto:

Hahaha nimefungua haraka haraka nikijua shemeji anakupiga makofi kumbe anakupiga hela. Pole. Nimekaa hapa nasubiri wajuzi.

MpembaHamburg:

Assalaam aleikum. Ndugu yangu pole sana, lakini shemejio hapo hajakudhulumu.

Mimi niko Hamburg, hili gemu ninalo la Kijerumani na nimelicheza mpaka kadi zimelainika. Mtunzi ni Reiner Knizia, Mjerumani, ana udaktari wa hisabati na keshafanya kazi benki, kwa hiyo usishangae likikutoa jasho la hesabu. Lilitoka 1992 kwa kampuni ya magemu ya Hans im Glück na 1993 likachukua tuzo ya magemu ya Ujerumani, Deutscher Spiele Preis. Nasema hivi ujue si gemu la kubahatisha, kila sheria imewekwa kwa makusudi.

Sheria ya kufungana ipo. Tazama kadi, wachoraji hawako sawa. Lite Metal ana kadi 12, Yoko 13, Christin P. 14, Karl Gitter 15, Krypto 16, jumla 70. Kwenye bodi wamepangwa hivyo hivyo kutoka kushoto, na wakifungana anatangulia wa kushoto, yaani mwenye kadi chache. Krypto ndiye mwenye kadi nyingi kuliko wote, akifungana na mtu yeyote yule anashindwa. Yeyote. Kwa hiyo ukimshika Krypto inabidi azidi, kulingana hakumsaidii.

Na ile 80, hapo ndipo watu wote hulia mara ya kwanza. Thamani ya nyuma inahesabiwa kama mchoraji ameingia tatu bora raundi HII. Asipoingia, hata angekuwa na 90, mchoro wake ni karatasi tu. Ile 80 yako ilikuwa imelala, inasubiri Krypto aingie tatu bora ndiyo iamke.

Kumuua uliyemuuza, inaruhusiwa, tena ndiyo utamu wenyewe. Hela yako keshaitia mfukoni, Krypto akipanda faida ni yako wewe, yeye ana sababu gani ya kumwacha hai?

Nina swali moja. Baada ya ile Lite Metal ya tatu, kabla zamu haijamrudia, wewe ulipata zamu. Ulitoa kadi gani? Na mkononi ulikuwa na nini?

DauLaMwisho:

Niko Nairobi, sisi hucheza hii kila Alhamisi jioni, tuko na ile edisheni mpya wachoraji wamebadilishwa lakini sheria ni zile zile. Hiyo swali yako ya mwisho ndiyo ya maana, hizo zingine ni uchungu tu.

Wewe unafikiri ni gemu ya kununua picha. Wacha nikuonyeshe na hesabu. Picha itauzwa 30 mwisho wa raundi. Umeinunua kwangu 20. Umefurahi, faida 10. Lakini mimi nimepata 20 bila kuinua mkono, kadi nilipewa bure! Sasa nani ameshinda hiyo mnada? Ukilipa zaidi ya nusu ya bei ya mwisho, muuzaji amekushinda wewe. Sheria yangu ni nusu, 30 nalipa 15, ikipita hapo nawaachia.

Na ukiwa wewe ndio dalali ni kinyume. Mtu amefika 16 kwa picha yako ya 30, mwachie, utapata 16 na yeye 14. Amekwama 10? Hapo chukua mwenyewe kwa 11, ulipe benki, unabaki na 19. Nina uhakika wewe hata kadi zako mwenyewe unajinunulia mpaka 25. Niambie kama nadanganya.

Mgeni_wa_Tabata:

@DauLaMwisho hudanganyi. Daah. Tena wakati mwingine nanunua zangu kwa 28 nasema si bado nina faida ya 2.

Kokoto:

Hiyo sheria ya nusu ya jamaa wa Nairobi watu wanaikariri sana lakini haijakaa sawa, au niseme imekaa sawa kama mko wawili na gemu lenyewe linaanzia watu watatu. Mkiwa wanne kuna watu wengine wawili ambao hawakuingia kwenye biashara yenu, wewe umepata 10 muuzaji kapata 20 na wale wawili wamepata ziro, kwa hiyo wote wawili mmewaacha. Ukinunua kwa watu tofauti tofauti, leo huyu kesho yule, fanya hesabu uone: michoro mitatu ya 30, kila mmoja umenunua 20 kwa mtu mwingine, wewe una faida 30 na kila mmoja wao ana 20. Umeongoza! Na umelipa zaidi ya nusu kila mara. Mkiwa wanne ukiwagawia sawa sawa unaweza kwenda mpaka robo tatu ya bei, kama 22 kwa mchoro wa 30, kabla hujaanza kuwatajirisha kuliko wewe.

Ubaya ni kununua kwa mtu mmoja. Ukiwa unampelekea shemeji kila wakati hapo ndo nusu ya jamaa inafanya kazi, na shemeji akiwa anaongoza hata nusu ni nyingi, bora mchoro uende kwa jirani. Wewe Krypto mbili umenunua kwa mtu yule yule, elfu 110 umemkabidhi mtu mmoja raundi moja. Usitazame mchoro tu, tazama hela inaenda mfuko wa nani.

DauLaMwisho:

@Kokoto sawa nakubali, nilikuwa nafikiria meza yetu, kwetu kuna mmoja huwa anaongoza kila wiki so hakuna mtu wa kumlipa. Lakini kwa mgeni nusu bado ni salama, akianza kuhesabu robo tatu katikati ya kelele atalipa 40 kwa picha ya 30.

Dalali_Mstaafu:

Mimi gemu silijui ila mnada naujua, nimenadi vitu vya nyumbani na magari miaka mingi mpaka koo limeharibika. Nilivyosoma hapa kosa la huyu bwana nimeliona mstari mmoja, "leo ndo leo". Mteja akija mnadani na sura ya leo ndo leo dalali anamwona akiwa bado mlangoni. Sisi tulikuwa hatunadi kwa watu 50, tunanadi kwa mmoja mwenye macho hayo na mwingine mmoja wa kumsukuma basi. Ile "mara ya kwanza, mara ya pili" unaivuta ukiona anameza mate, na ukiona ameshaanza kukunja mikono unagonga haraka kabla hajaondoka.

Huyo shemeji aliyesema "usiiache hii" ni dalali kamili, kama hana kazi aje inbox.

Manila_na_Gundi:

Wakuu naona mnataja boksi la Ujerumani, kwa asiye na hela ya boksi sisi tumejitengenezea. Kadi 70 za manila, nimechora mistari kwa rula, wapwa wawili wakapaka rangi, hela tumetumia za gemu lingine. Wachoraji tukabadilisha tukaweka wa kwetu huku Afrika Mashariki, Tingatinga, Lilanga, Jak Katarikawe wa Uganda, Sane Wadu na Bertiers wa Kenya.

Ugomvi ukawa nani awe na kadi 12 na nani 16, maana kama alivyosema Mpemba mwenye chache akifungana anapita. Mimi nikampa Tingatinga 16 kwa sababu michoro ya mtindo ule iko kila mahali, ukienda kule Oysterbay ni chui na ndege ukuta mzima. Mpwa wangu wa sekondari akagoma, akasema ile ni ya wanafunzi na wanafunzi wa wanafunzi, Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza kuchora 1968 na akapigwa risasi na polisi Dar 1972, miaka minne tu, kwa hiyo michoro ya mkono wake ni michache. Nikakosa la kujibu. Tingatinga sasa ana kadi 12 na kushoto kabisa kwenye bodi ni yeye, na mpwa wangu tangu siku hiyo ananunua Tingatinga kama kichaa, na anashindwa kama wewe Mgeni.

Kitu kimoja tulichokosea, tulisahau alama za aina ya mnada kwenye kadi ikabidi turudie zote 70. Msisahau zile alama, bila hizo gemu linakuwa kelele tu.

Bi_Kiroboto:

Aina ya mnada tena? Si mnapiga kelele tu anayezidi anachukua?

MpembaHamburg:

@Bi_Kiroboto hapana bibie, ziko tano na kila kadi ina alama yake. Mnada wa wazi ndio huo wa kelele. Kuna wa mzunguko mmoja, kila mtu anataja bei mara moja tu kuanzia kushoto kwa dalali na dalali ndiye wa mwisho, hiyo ni nafasi nzuri sana kwa dalali, anaamua akiwa keshaona zote. Kuna wa ngumi, kila mtu anafumba hela mkononi mnafungua pamoja, huu mimi siupendi, mke wangu hufumba mkono mtupu kwa uso wa mtu mwenye elfu 50. Kuna dabo, kadi ya dabo unaiweka pamoja na nyingine ya mchoraji yule yule mnanadi zote mbili kwa pamoja, na huna ya pili au hutaki kuitoa basi mwenzio anaweza kuiweka yeye, na akiiweka yeye ndiye anakuwa dalali na hela ni zake.

Na kuna wa bei moja. Dalali anataja bei, haipandi haishuki, anaulizwa wa kushoto, akikataa anayefuata, wa kwanza kukubali kachukua. Wote wakikataa dalali mwenyewe LAZIMA ainunue kwa bei ile ile aliyotaja na hela anapeleka benki. Kwa hiyo huwezi kutaja bei usiyo nayo mfukoni.

Mgeni_wa_Tabata:

Subiri subiri subiri.

@MpembaHamburg rudia hiyo ya bei moja. Wote wakikataa dalali anainunua mwenyewe? Kwa sababu kwetu wote wakikataa kadi INARUDI MKONONI na zamu inaenda kwa mwingine. Shemeji ndo alitufundisha hivyo. Na anayetumia sana hizo kadi za bei moja ni yeye, anataja 70, tunakataa, anarudisha, raundi inayofuata anataja 60, mpaka mmoja wetu anachoka ananunua. Na mmoja wetu ni mimi.

MpembaHamburg:

Hapo sasa nafuta kauli. Hapo amekudhulumu. Kadi ikishawekwa mezani hairudi mkononi, iwe imenunuliwa au haikununuliwa. Ni ukurasa ule ule wa maelezo wenye aina za mnada, mwambie aufungue akusomee neno kwa neno.

Na swali langu hukunijibu. Mkononi ulikuwa na nini?

DauLaMwisho:

Hahaha lakini na wewe bana unakataa 70, unakubali 60. Alikusoma.

Mgeni_wa_Tabata:

Nilikuwa nakwepa hilo swali kwa kweli. Wife nyuma yangu anasoma ananiambia waambie.

Nilitoa Karl Gitter. Mkononi nilikuwa na kadi mbili, hiyo Karl Gitter na Krypto moja. Sikuitoa Krypto kwa sababu niliona nikiitoa watu wataipandisha dau na mimi hela nimebakiwa na elfu 9 tu, kwa hiyo itachukuliwa na mwingine, na roho iliniuma Krypto achukuliwe na mtu mwingine.

Kokoto:

Mungu wangu.

Mkuu ungeitoa angekuwa na nne. Anafungana na Christin P. kwenye nafasi ya pili, Christin P. anapita kwa sababu kadi zake ni chache, sawa, Krypto anakuwa wa tatu, 10 jumlisha 80 ni 90. NNE ZOTE KILA MOJA 90. Zako tatu ni elfu 270 umelipa 165, na hiyo ya nne ungeiuza wewe, hela inaingia kwako, mtu angelipa hata 45. Angeichukua jirani, angeichukua shemeji, haina neno! Ulitakiwa umbembeleze mtu aichukue!

Dalali_Mstaafu:

Mnadani tulikuwa na mteja kama huyu. Kanunua kabati halafu akakataa kununua ufunguo.

Mgeni_wa_Tabata:

Nimewasoma wote. Usiku nilihesabu mara tatu kwenye karatasi, inakuja 270 kila mara.

Mrejesho. Jana nimemfuata shemeji na simu, nimemwonyesha aliyoandika Mpemba kuhusu bei moja. Ameangalia muda mrefu. Akasema hiyo ni edisheni ya Hamburg, yeye alikaa kusini na kusini wanacheza tofauti. Nikamwambia maelezo si yale yale, lete hicho kikaratasi. Akasema kikaratasi kimepotea. Boksi liko mezani kwangu wiki ya tatu hii na Jumapili nilikiona kwa macho yangu kikiwa ndani, sasa kweli hakimo.

Wife amekikuta leo asubuhi kwenye Biblia ya mama mkwe. Nimekipiga picha kurasa zote, @MpembaHamburg nakutumia inbox, naomba unitafsirie mstari kwa mstari kabla ya Jumapili, hasa pale kwenye dabo maana dabo nayo ana maelezo yake.

MpembaHamburg:

Tuma. Na ile ya dabo usiniambie chochote kwanza, acha nicheke nikiwa nimekaa.